Doa la Chini ya Bomba

Nisikufiche, rafiki yangu: mpaka tunaanua matanga ya mama, sikuwa nimetoa chozi hata moja. Nilifika Bariadi kutoka Mwanza kwa basi la asubuhi, nikaketi mkekani na wanawake wenzangu, nikapokea pole za watu, nikala wali niliowekewa mbele yangu, na mwilini nilikuwa sisikii kitu. Umewahi kukalia mguu mpaka ukafa ganzi, ukainuka ukaukanyagia ukaona kama wa mtu mwingine? Basi mimi mzima nilikuwa hivyo. Wanawake waliokuwa wanalia kwa sauti walinitazama kwa jicho la pembeni. Mmoja alimnong'oneza mwenzake, nami nikasikia, kwamba watu wa Mwanza wanakaa na dagaa mpaka mioyo yao nayo inakauka. Ningekuwa mzima ningecheka, maana lilikuwa neno zuri.

Mama aliacha wosia mmoja tu kuhusu mazishi yake. Alimwambia mdogo wangu wa mwisho, ambaye ndiye aliyekuwa anaishi naye, kwamba azikwe palepale kiwanjani, nyuma ya nyumba, karibu na ukuta wa jikoni. "Karibu kabisa," alisema, "msije mkaniweka mbali." Mdogo wangu ni mtu wa utani. Aliwaambia waombolezaji kwamba mama alipenda mboga tangu ujana wake, sasa ameamua kuzinusa hata huko alikokwenda. Watu wakacheka kidogo katikati ya kilio, kama inavyokuwa misibani. Hakuna aliyejua sababu ya ukuta wa jikoni. Mimi niliijua, lakini ningeanzia wapi?

Wageni walipotawanyika niliingia jikoni kwa wifi yangu, mke wa huyo mdogo wangu wa utani, kuosha masufuria. Sinki lake ni la kisasa, la chuma kinachong'aa, lile ambalo halishiki kutu wala rangi ya chai. Niliosha vyombo vyote, nikavipanga, kisha nikashika dodoki nikaanza kulisugua lenyewe. Nilisugua pale chini ya bomba, nikasugua, nikasugua. Wifi akaja akasimama nyuma yangu.

"Wifi, hapo pameshatakata zamani," alisema. "Unasugua nini?"

Mkono ulikuwa unatafuta doa ambalo halikuwa hapo. Lilikuwa kwenye sinki jingine, katika nyumba ambayo sasa imebomolewa, na lilikuwa na umri kama wangu wa siku zile.

Turudi nyuma basi. Wewe uliyekulia huku unakumbuka mwaka wa operesheni, watu walipotakiwa kuhama kwenye miji yao ya zamani wakae pamoja vijijini, kando ya barabara. Kabla ya hapo sisi tulikaa upande wa Migato, kila mji peke yake na uzio wake wa minyaa, jirani ukimwita anakusikia lakini hakuoni. Nyumba ya mama ilikuwa ya duara, ya nyasi, na paa lake lilishuka chini mpaka mtu mzima aliinama kuingia. Tulikuwa baba, mama, bibi mzaa baba, mimi, na mdogo wangu wa kiume ambaye alikuwa bado ananyonya. Huyo siye huyu wa utani. Huyu alikuja miaka mingi baadaye.

Yule mdogo wangu wa kwanza aliondoka na surua. Sikumbuki sana ugonjwa wake. Nakumbuka mama anamfunika kwa khanga na kumfunua, anamfunika na kumfunua, kama mtu anayeangalia mkate kama umeiva.

Katika ukoo wetu mtoto mchanga hakuzikwa pamoja na wakubwa. Alizikwa chini ya upenu wa nyumba ya mama yake, palepale maji ya paa yanapodondokea. Bibi alinieleza siku ileile, akiwa anasawazisha udongo kwa kiganja, nami nikimsaidia. Mtoto hajazoea jua, alisema, anatakiwa akae penye ubaridi. Mvua ikinyesha, maji ya paa la mama yake yanamdondokea, naye anajua kwamba mama yupo ndani. "Na mama aliyeko ndani," bibi akamalizia, "akisikia maji yanadondoka anajua mtoto wake amepata." Paa la nyasi unalijua, mvua inakatika lakini lenyewe linaendelea kudondosha tone moja moja mpaka jua linapokuwa kali. Ndivyo wanawake wa kwetu walivyokuwa wanawalea watoto wao waliotangulia. Kazi yao ilikuwa kusikiliza.

Mama hakupata hata mvua moja. Mtoto alizikwa kiangazi, na kabla masika hayajakaribia tukaambiwa tuhame. Hakuna aliyetupiga wala aliyetuchomea nyumba, nisije nikakuongopea. Baba mwenyewe ndiye aliyepanda juu kuvua paa, kwa sababu miti ilikuwa adimu na kule tunakokwenda tungehitaji kujenga. Alishusha nyasi, akashusha fito, akapanga kila kitu kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Mama alikaa juu ya fito zile, ameshika kibuyu cha maziwa mapajani. Nyumba ikabaki ukuta mtupu, wazi juu, na upenu haukuwepo tena. Nilimwona mama akiangalia nyuma mpaka minyaa ilipofunika kila kitu. Kutoka hapo akaacha kusema.

Hakuwa bubu. Ukimuuliza chumvi iko wapi, alikuonyesha kwa kidevu. Alipika, alichota maji, alikata viazi vitamu akavianika juu ya jiwe vikawa michembe, na jioni alitupakulia ugali wa ule unga wa njano wa msaada wa mwaka ule na mlenda juu yake. Lakini hakuniita jina. Aliponitazama, macho yalinipita yakaenda kugota ukutani. Baba alimsemesha, akachoka. Mvua za kwanza ziliponyesha kwenye nyumba yetu mpya, mama alikaa mlangoni akitazama maji yakidondoka kwenye udongo ambao chini yake hapakuwa na mtu. Msimu uliofuata, kule kwetu Migato pakafanywa shamba la pamoja la pamba. Baba alikwenda kulima zamu yake, aliporudi akakaa na jembe mkononi bila kula. Bibi alimuuliza: "Jembe la ng'ombe limepita?" Baba akajibu kwamba limepita kila mahali, hata pale nyumba ilipokuwa. Mama alikuwa anapepeta mtama, hakusimamisha ungo.

Shangazi ndiye aliyesema kwamba mtu huyu akiachwa akae nyumbani atakauka kama jani. Shangazi alikuwa ameolewa mjini, anajuana na watu, akamtafutia mama kazi ya usafi kwenye nyumba ya wageni ya jinari, kile kiwanda cha kuchambulia pamba, pale walipokuwa wanalala mabwana wakubwa waliokuja kukagua pamba. Kutoka kijijini kwetu mpaka pale hapakuwa mbali. Mama alikwenda asubuhi akarudi jioni, na mara nyingine alirudi na sukari kidogo kwenye karatasi, au kipande cha sabuni, wakati sabuni yenyewe dukani tuliipigia foleni mpaka miguu inavimba. Nyumba nzima tuliitegemea kazi ile kuliko tulivyokuwa tayari kukiri.

Mimi nilitoka shule nikapitia huko kila siku. Ningali naisikia ile harufu, mbegu za pamba na mafuta ya mashine, na vumbi jeupe linaloelea mpaka kwenye uji. Jinari ilinguruma mchana kutwa. Ndani ya nyumba ya wageni, jikoni, kulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona mahali pengine: sinki kubwa jeupe la udongo wa kuchomwa, zito, lililoletwa na Wahindi waliojenga jinari zamani. Na ndani yake, kuanzia chini ya bomba mpaka kwenye tundu la kutolea maji, lilinyooka doa la rangi ya kahawia, pana, kama ulimi wa ng'ombe. Bomba lile lilikuwa linavuja. Maji yalitoka kwenye tangi la jinari kupitia mabomba ya chuma yaliyokwisha kuliwa na kutu, na kila tone lilishuka na kutu yake.

Mkubwa wa mama pale alikuwa msimamizi wa nyumba, Mwislamu mmoja kutoka Tabora, kofia nyeupe saa zote, mtu asiyeweza kuona kijiko kimelala vibaya akapita. Hakuwa mkali kwa asili, lakini doa lile lilimnyima usingizi. Siku moja aliingia jikoni na mikono nyuma.

"Mama," alisema, "mimi sina ugomvi na wewe. Kazi yako naiona. Ugomvi wangu ni na hili doa. Wageni wa mkoani wanakuja kufungua msimu, na safari iliyopita mmoja aliniuliza kama humu tunachinjia mbuzi. Likiwa bado hapa siku watakayofika, itabidi nitafute mtu mwingine. Usinielewe vibaya, mama yangu."

Mama akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Alikwisha kulisugua doa lile tangu siku ya kwanza, kwa waya na kwa nguvu, na lilikuwa halijapungua hata ukingoni. Kuanzia siku ile akawa hasugui kitu kingine. Nilimkuta ameinama, mabega yanakwenda na kurudi, jasho linamtoka puani. Nikajiambia, kwa akili ya mtoto wa miaka tisa, kwamba kilichomfunga mama mdomo ni doa lile. Likitoka, atageuka aniite jina langu. Usinicheke. Nilikuwa na uhakika kuliko nilivyowahi kuwa na uhakika wa jambo lolote tangu hapo.

Nikaenda kwa bibi. Bibi alikuwa hajawahi kuona sinki, na nilipojaribu kumweleza aliniuliza, "Hilo bakuli la ukutani linakamuliwa nini?" Nikamwambia halikamuliwi kitu, linaoshewa vyombo, na limeingia weusi ndani usiotoka. Bibi akashangaa sana. Kwetu kibuyu cha maziwa hakisuguliwi. Kinasuuzwa, kinafukizwa moshi, na kadiri kinavyozidi kuwa cheusi ndani ndivyo maziwa yanavyoganda vizuri. "Kibuyu kikiwa cheupe," bibi alisema, "mgeni anakuuliza ng'ombe wako walikufa lini. Hao watu wa jinari wanataka waonekane maskini?" Lakini alipoambiwa kwamba mkwewe atafukuzwa kazi, akaacha utani.

Kwanza alinipa majivu ya miti ya pamba, yale yanayokausha vidole. Mama aliyasugulia kwa gunzi la mahindi. Doa likabaki. Kisha akanituma mtoni nikachote mchanga mwembamba, ule tuliosugulia masufuria mpaka ukajiona uso. Hapo tulikosea, na ni kosa ambalo angelifanya mwanamke yeyote wa kwetu, kwa kuwa chombo tulichokijua ni sufuria. Sufuria ukiisugua kwa mchanga inazidi kung'aa. Sinki la udongo lina ngozi juu yake, na mchanga uliichuna ngozi ile. Pale palipochunika doa likaingia ndani zaidi, likawa jekundu. Msimamizi alipoliona alishika kofia yake kwa mikono miwili, akatoka.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekata tamaa. Bibi alikuwa amekaa kwenye ngozi ya ng'ombe mlangoni, anasugua bangili zake za miguu, zile za shaba alizovishwa ujanani na ambazo hazikuwa zinavuka kisigino tena. Zilikuwa zimeota ukijani. Alizipaka ukwaju aliouponda na maji ya moto, akazifuta na kitambaa, na shaba ikatokea chini yake, nyekundu mpya kabisa. Tuliitazama wote wawili kwa pamoja. Bibi akacheka mpaka akashika ubavu.

"Tumekuwa wajinga, mayu," alisema, maana aliniita hivyo, kama mama yake, pale nilipomfurahisha. "Kitu cha kuumwa na uchachu wewe unakipiga. Kama ukwaju unaivua bangili, utalivua na bakuli lenu."

Kesho yake nilibeba kata nzima ya ukwaju mzito. Mama aliupokea, akaumimina juu ya doa, akautandaza kwa vidole. Tukaketi kusubiri, yeye kwenye kigoda na mimi sakafuni, jinari inanguruma nje. Alipousuuza, ulimi wa ng'ombe ulikuwa umefifia. Akarudia. Akarudia tena mpaka ukwaju ukaisha. Doa likatoka, rafiki yangu. Sinki likawa jeupe, isipokuwa pale palipochunika, napo pakawa na wingu tu. Nikamtazama mama usoni nikisubiri jina langu. Akafuta mikono kwenye kitenge, akachukua fagio.

Msimamizi alifurahi kupita kiasi. "Mashaallah," alisema, akaitazama ile kazi kutoka pande zote, kisha akalitazama bomba. "Lakini hili likiendelea kudondosha, wiki ijayo tumerudi palepale." Akamwita fundi bomba wa jinari, Msukuma mwenzetu aliyesalimia kila mtu mara mbili. "Mwadila mayu," akamsalimu mama, mama akainamisha kichwa. Fundi akafungua bomba, akakata kipande cha mpira kwenye ndala yake kuukuu, akakiweka ndani, akakaza kwa nguvu zake zote. Tone likakoma. Jikoni kukawa kimya namna ambayo sikuwahi kuisikia pale.

Jioni ile mama hakula. Nilidhani amechoka. Kesho yake hakula pia, na bibi akaanza kumtazama kwa hofu. Wageni wa mkoani wakaja, wakala kuku na wali, wakasifu nyumba, wakaondoka na vumbi lao. Kazi ikawa salama. Mama ndiye aliyekuwa anakwisha. Kabla ya hapo alikuwa mtu asiyesema, sasa akawa mtu asiyekuwepo. Alisimama mbele ya sinki jeupe na kitambaa kikavu mkononi, hafanyi chochote. Mimi nikaacha kusubiri kuitwa. Nilikuwa nimelipata nililoliomba, doa limetoka, na hakuna kilichorudi. Nadhani ganzi yangu ilianzia pale.

Halafu siku moja nilitoka shule nikaingia kwa mlango wa nyuma, kama kawaida yangu. Jinari ilikuwa imezimwa kwa sababu ya ubovu, na kimya kilikuwa kimetanda uwanja mzima. Kabla sijavuka kizingiti nikasikia: to, to, to. Nikachungulia. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo ukutani, kichwa amekielekeza kwenye sinki. Bomba lilikuwa limelegezwa. Kile kipande cha ndala alikuwa amekishika kiganjani. Na alikuwa anaongea. Aliongea Kisukuma, taratibu, sauti ya mtu anayembembeleza mtoto asiyetaka kulala, anamweleza kwamba tumehama, kwamba paa lilichukuliwa lakini lipo, kwamba baba hajambo, kwamba dada yake anasoma. Machozi yalimtiririka na wala hakuyafuta.

Aliponiona hakushtuka. Aliniita jina langu.

"Njoo ukae," alisema. "Usipige kelele. Mdogo wako anapata maji."

Nikakaa. Nilikuwa nimesawazisha udongo ule pamoja na bibi, nilijua maji ya upenu ni ya nani. Tulikaa pale tukisikiliza, tone linashuka, linapiga udongo mweupe, linateleza kwenda tunduni. Aliposikia vya kutosha akainuka, akakirudisha kipande cha ndala ndani ya bomba kwa ncha ya kisu, akaomba ukwaju. Pale chini ya bomba palikuwa pameanza kuwa na rangi. Akapafuta taratibu, bila nguvu yoyote, kama anampangusa mtu uso.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa miaka yote aliyofanya kazi pale. Mchana wageni wakiwa kazini alilegeza, kabla ya kuondoka alikaza, na asubuhi alisugua. Msimamizi hakuelewa kwa nini rangi inarudi wakati bomba limetengenezwa. Alimlaumu fundi, fundi akabadilisha mpira, akabadilisha tena, mwishoni akaapa mbele ya watu kwamba bomba lile lina shetani na yeye halishiki tena. Mama alicheka siku ile. Alicheka akaficha uso kwenye kitenge, na nyumbani akamsimulia bibi, na bibi naye akacheka akasema fundi atafutiwe mganga. Mama akarudi kidogo kidogo, kwanza jina langu, kisha kunigombeza kuhusu miguu michafu, kisha nyimbo za kupepetea. Hakurudi kamili. Lakini aliyerudi alitosha kutulea, na baadaye kumzaa huyu mtani.

Sasa vyote hivyo havipo. Kijiji kilisambaa, kila mtu alirudi kwenye mashamba yake au akaenda mjini. Migato nimepita, pale palipokuwa na uzio wetu wa minyaa watu wanalima alizeti, na hata ningepewa siku nzima nisingeweza kukuonyesha upenu ulikuwa wapi. Nyumba ya wageni ilibomolewa. Sinki nililiona mara moja uani kwa mtu, limewekwa chini, kuku wanalinywea maji, na lile wingu la mchanga wetu lingali palepale. Bangili za bibi sijui zilikwenda na nani. Paa la nyasi linalodondosha baada ya mvua nalo limekwenda, na wanawake waliokuwa wanajua kulisikiliza wamekwisha mmoja mmoja, wa mwisho kwangu akiwa huyu tuliyemzika. Ninayasema haya na moyo umetulia tu. Ningependa kukuambia unaniuma.

Siku ile nikiwa nimesimama mbele ya sinki la wifi yangu, dodoki mkononi, sina cha kusugua, niliinua macho dirishani. Kaburi la mama liko hapo nje, hatua chache tu kutoka ukutani, karibu kabisa kama alivyoomba. Nikatazama juu yake. Mdogo wangu amezungushia paa lake lote gata za bati, safi, zilizofungwa vizuri, zinakusanya kila tone na kulipeleka kwenye tangi jeusi pembeni. Mama aliomba ukuta wa jikoni, akapewa ukuta. Alichokuwa anakitaka hasa hakikuwepo.

Nikatoka nikamwita mdogo wangu. Nikamwomba afungue kipande cha gata upande wa jikoni, kile kinachopita juu ya mama.

"Kwa nini, dada? Gata hizi mpya kabisa."

"Kifungue tu."

"Sasa si maji yatapotea bure?"

"Yapotee," nikamwambia.

Alinitazama akitafuta utani wa kunirushia. Nadhani aliukosa. Akaenda kuleta ngazi.

Niliondoka kurudi Mwanza kabla mvua haijanyesha. Nikarudi kazini, nikaendelea na maisha, bado nikiwa vilevile. Juzi mchana wifi akanipigia simu kunijulisha hali. Mvua kubwa imenyesha Bariadi, akasema, mbegu zitaota, watoto hawajambo, ila huku nyuma ya jikoni maji yanachimba, wifi, yanadondokea palepale kwa mama mpaka tunasikia ndani.

Nikamwomba aiweke simu dirishani. Hakuuliza kwa nini, ni mtu mwema. Nikasikia kishindo kidogo cha simu inawekwa, kisha kimya, kisha lile tone. Nilikaa kitandani kwangu nikisikiliza mpaka salio lake likaisha.